Mluzi katika Pikapu ya Wilbrodi

Mwinyijuma wa Dunda, pale Bagamoyo, hakuwa fundi magari. Alikuwa fundi wa difu, na mtu aliyekosea jambo hilo alirekebishwa papo hapo, kwa upole lakini kwa maneno mengi. Injini hakugusa. Breki hakugusa. Ukimletea gari lililogoma kuwaka, alikuonyesha kwa kidole gereji ya Muharami ng'ambo ya barabara, kisha akarudi kukaa kwenye kiti chake cha mbao chini ya bati. Kazi yake yeye ilikuwa lile bonge la chuma lililo katikati ya ekseli ya nyuma, linalopokea mzunguko kutoka kwenye propela, ule mtaimbo mrefu utokao upande wa injini, na kuyagawia magurudumu mawili. Bonge hilo mwenye gari halioni mpaka ainame, na wenye magari wengi hawainami. Hulisahau miaka kumi na tano, mpaka siku linapoanza kulalamika.

Malalamiko ndiyo aliyoyajua Mwinyijuma. Kwa miaka ishirini na sita hakuwahi kuingia chini ya gari kabla ya kulisikiliza. Alikaa kiti cha abiria, akafumba macho, wakatoka na dereva kushika barabara ya Msata, naye akawa anatoa amri kwa sauti ya chini: "Kanyaga. Achia. Kanyaga tena. Kata kulia. Basi, turudi." Wakirudi, alishuka, akajifuta mikono ambayo haikuwa imeshika kitu, akataja ugonjwa. Difu inayovuma ukikanyaga mafuta, meno yake yameliwa. Inayolia ukiachia mafuta, tazama beringi ya pinioni, yaani kile kigia kidogo cha mbele kinachopokea propela. Gari likinguruma kwenye kona tu, hilo ni gurudumu. Likigonga mara moja unapoingiza gia, ni krosi, kile kiungo cha propela. Watu walifungua, wakakuta alichokisema. Ndipo akaitwa Mwinyijuma Difu, na jina likaota mizizi hata kadi za harusi zikawa zinamjia zimeandikwa hivyo.

Mambo ya masikio yalianza taratibu. Mwaka alipotimiza hamsini na saba aliona mbu wamepungua. Walimuuma kama siku zote, ila hawakupiga kelele. Alilitaja jambo hilo barazani mwa msikiti baada ya sala ya alasiri, akawashukuru waliopuliza dawa. Wenzake wakatazamana, kwa sababu hakuna aliyekuwa amepuliza dawa yoyote. Baadaye mtandao wa simu ukawa mbovu. Binti yake Lulu, aliyekuwa akifundisha Kibaha, alipiga kila Ijumaa, na kila Ijumaa Mwinyijuma alimwambia atafute mahali penye mawimbi mazuri, naye Lulu akawa anatoka kwenda kusimama juani bila kuelewa anatafuta nini. Kisha magari yakaanza kuwa na difu nzuri. Aliletewa gari, akatoka nalo, akasikiliza, akasikia kuvuma kwa tairi na mngurumo wa injini, basi. Alirudi akimwambia mwenye gari kwamba difu haina neno. Wengine walishukuru wakaenda zao. Wengine hawakurudi tena, naye akachukulia kwamba wamepona.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa siku ya Jumanne alipokuja Wilbrodi.

Wilbrodi alikuwa mkulima wa mananasi huko Fukayosi. Wazazi wake walitoka milima ya Uluguru wakahamia huko, naye akazaliwa hapo hapo. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na tano hivi, asiye na haraka, aliyeimba besi kwenye kwaya ya kigangoni kwao. Pikapu yake ilikuwa ya zamani kiasi kwamba rangi yake ya mwanzo ilikuwa jambo la mabishano. Yeye alisema ilikuwa ya maziwa. Mkewe alisema ilikuwa ya kijani.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Karibu. Ina nini?"

"Inapiga mluzi. Nikifika sitini nikaachia mafuta, unaanza kwenye sol, unashuka mpaka mi, halafu unapotea."

Mwinyijuma hakujua sol wala mi. Alitikisa kichwa kama anayejua, akapanda. Wakatoka mpaka nje ya mji. "Kanyaga," akasema. "Achia." Alifumba macho. Alisikia mvumo mzito kutoka chini, unaopanda na kushuka na mwendo. Mluzi hakusikia.

"Tairi," akasema waliporudi.

"Tairi inapiga mluzi?"

"Tairi ikichakaa inafanya mengi."

Wilbrodi aliinama akazitazama tairi zake za nyuma. Zilikuwa laini kama biringanya. Hakubisha. Akaenda kununua mbili.

Jumanne iliyofuata alirudi. "Shikamoo, fundi. Tairi ni nzuri sana. Mluzi upo."

Wakatoka tena. Safari hii, kwa kuwa tairi zilikuwa zimenyamaza, Mwinyijuma alisikia mngurumo kwenye kona, upande wa kushoto, akafurahi kama mtu aliyeokota kitu chake kilichopotea. "Beringi ya gurudumu," akasema. Wilbrodi alikaa kwenye ndoo akisubiri, gurudumu likafunguliwa, na kweli beringi ilikuwa imekufa. Ikawekwa nyingine. Akashukuru, akaenda.

Jumanne ya tatu alikuja tena, na Mwinyijuma alipoiona ile pikapu ikikata kona ya gereji alitamani kujificha. Mteja anayekuja na matusi unamjibu. Huyu alikuja na adabu.

"Shikamoo, fundi. Beringi ni nzuri sana."

"Marahaba," akasema Mwinyijuma. "Na mluzi?"

"Upo."

Siku hiyo Hafidha, mke wa Mwinyijuma, alikuwa amefika gerejini na kapu. Dada yake wa Makurunge alikuwa mgonjwa wa miguu, na kwa vile pikapu ilikuwa inaelekea upande huo kwa majaribio, aliomba lifti. Wilbrodi alimwamkia, akamfungulia mlango. Wakakaa watatu mbele: Wilbrodi kwenye usukani, Mwinyijuma katikati, Hafidha dirishani na kapu lake magotini.

Walipopita nyumba za mwisho, Mwinyijuma akafumba macho. "Kanyaga." Wilbrodi akakanyaga. "Achia." Akaachia.

Hakukuwa na kitu. Tairi mpya zilikuwa kimya, beringi mpya ilikuwa kimya. Lilikuwa gari tulivu kuliko gari lolote alilopanda mwaka huo. Alifumbua macho akamtazama Wilbrodi, akamwona amekunja uso kama mtu aliyeuma ndimu.

"Nani huyo anapiga mluzi?" Hafidha akauliza.

"Umeusikia, mama?" Wilbrodi akasema, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane sauti yake ilipanda.

"Kwa nini nisiusikie? Mimi kiziwi?"

Wilbrodi akakanyaga mafuta tena.

"Hata mimi nausikia," akasema Mwinyijuma.

Hafidha aligeuka akamtazama mumewe. Mluzi ulikuwa umeshanyamaza. Alihamisha kapu kutoka goti hili kwenda goti lile, akatazama nje mpaka Makurunge.

Kabla ya kuachana, Wilbrodi aliuliza kama gari linaweza kumfikisha Dar siku ya pili yake. Alikuwa na mzigo wa mananasi wa kupeleka sokoni, na mananasi yalikuwa yameshaiva hayasubiri mtu. Mwinyijuma akasema, "Litakufikisha." Alilisema haraka, kama mtu anayefunga mlango.

Jioni ile, kabla ya magharibi, Mwinyijuma alikaa kwenye ngazi ya uani akivua viatu. Hafidha alikuwa ameshatoka Makurunge kwa bodaboda. Alisimama nyuma yake, hatua nne.

"Baba Lulu," akaita, kwa sauti ile ile anayoitia siku zote.

Mwinyijuma alikuwa anahangaika na kamba ya kiatu.

"Baba Lulu, chai tayari."

Kamba ilikuwa imefunga fundo.

"Baba Lulu, nyumba inaungua."

Mwinyijuma alifungua fundo, akavua kiatu, akakikung'uta mchanga. Hafidha akazunguka akaja kusimama mbele yake.

"Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Masikio."

"Masikio yangu yana nini?"

"Nimekuita mara tatu. Mara ya tatu nimekwambia nyumba inaungua."

Mwinyijuma aligeuka akaitazama nyumba. Kisha akakishika kile kiatu mikononi, akakigeuzageuza. Alianza kusema kwamba alikuwa amechoka, kwamba mawazo yalikuwa mbali, kwamba Muharami kutwa anakata vyuma na mashine yake na mtu akitoka hapo kichwa kinavuma. Hafidha hakumkatiza. Maneno yalimwisha yenyewe.

"Nilidhani mbu wamepungua," akasema mwishowe.

Hafidha alikaa kando yake kwenye ngazi. Alitaka kucheka, akaona si mahali pake, akajifunika mdomo na upande wa kanga mpaka kicheko kikapita. Kilipopita, kilichobaki hakikuwa kicheko.

"Mimi nilidhani umenidharau," akasema, sasa kwa sauti ya kutosha. "Naongea, hunijibu. Nakuuliza neno, unaondoka. Nikasema, basi, kama hivyo ndivyo, na mimi nitanuna. Nimekununia tangu mwezi wa Rajabu."

"Rajabu hii?"

"Rajabu iliyopita."

Mwinyijuma alifikiri sana. Alijaribu kukumbuka dalili yoyote. "Sikujua," akasema.

"Najua hukujua. Nilichoka peke yangu."

Mwinyijuma hakuvua kiatu cha pili. Kuku wa jirani aliingia uani, akatoka. Hafidha akaona kwamba si masikio peke yake yanayomsumbua mumewe.

"Kuna nini kingine?"

Akamweleza. Alimweleza kwamba kuna pikapu moja, zamani, iliyokuwa na mluzi wa namna hiyo, unaokuja ukiachia mafuta. Mwenye gari aliambiwa asiende mbali, akaenda. Beringi ya pinioni ikavunjika njiani, vipande vikaingia kwenye meno, na difu ikakaba magurudumu yote mawili ya nyuma kwa mpigo mmoja, gari likiwa kwenye mteremko na mzigo wa mchanga. Mwenyewe alipona. Utingo wake hakupona. Mwinyijuma ndiye aliyeifungua difu ile baada ya polisi kuiachia, na tangu siku hiyo hakupata kumwambia mtu yeyote "litakufikisha" kwa kubahatisha. Mpaka leo.

"Mpigie," akasema Hafidha.

"Nimwambie nini?"

"Asiende."

"Atauliza kwa nini."

"Mwambie kwa sababu hujui."

Mwinyijuma aliitazama simu. Kisha akampa mkewe, kwa kuwa hata kama angepiga, majibu yangempita. Hafidha akapiga. Wilbrodi alipokea akiwa shambani, na nyuma yake watu walisikika wakihesabu.

"Baba, fundi anasema usipakie mzigo."

"Tumeshapakia, mama. Mananasi mia sita."

Hafidha akafunika simu na kiganja. "Kashapakia mia sita."

"Ashushe," akasema Mwinyijuma.

"Anasema ushushe. Kesho asubuhi uje na gari tupu, polepole, usifike arobaini. Mzigo tafuta gari la mtu."

"Sawa," Wilbrodi akasema, na kabla simu haijakatika Hafidha akamsikia akiwaambia watu washushe, na watu wakimwuliza kama ana akili.

Asubuhi alifika saa tatu, badala ya saa moja na nusu kama kawaida yake, kwa kuwa alikuwa ametii habari ya arobaini. Mwinyijuma alikuwa amejiandalia maneno usiku mzima. Yalipofika mdomoni yalikuwa mawili tu.

"Sisikii, bwana."

"Husikii nini?"

"Sauti nyembamba. Nzito nazisikia. Ule mluzi wako sijawahi kuusikia hata siku moja. Nimekudanganya Jumanne tatu."

Wilbrodi alizima injini, akashuka, akafunga mlango wa pikapu, ambao ulikuwa hautaki kufungwa mara moja. "Nilijua Jumanne ya kwanza," akasema.

"Ulijuaje?"

"Nilikuuliza kama unausikia, ukanijibu 'Alhamdulillahi.'"

Mwinyijuma alikaa kwenye kiti chake cha mbao. "Sasa kwa nini ukawa unarudi?"

Wilbrodi alilifikiria swali kwa haki, kama alivyofikiria kila kitu. "Tairi zilikuwa zimekwisha kweli. Beringi ilikuwa imekufa kweli. Niliona wewe hata ukikosea unatengeneza kitu. Halafu nilikwenda kwa mafundi wengine wawili kabla yako. Wote walitaka kufungua difu kabla sijazima injini."

Hafidha alikuwa amekuja kwa sababu jana walikuwa wamekubaliana. Alikuwa amevaa baibui lake la kutokea na ameleta mkeka. Wakapanda watatu kama jana, ila safari hii Mwinyijuma hakufumba macho. Aliutazama uso wa mkewe.

"Kanyaga," akasema. "Unasikia nini, Mama Lulu?"

"Injini."

"Achia."

"Huo. Umeanza. Kama birika ambalo kifuniko chake hakikukaa vizuri, maji yanataka kuchemka."

"Kanyaga kidogo."

"Umenyamaza."

"Kata kulia. Sasa kushoto. Unabadilika?"

"Haubadiliki. Uko vile vile."

Basi si gurudumu. Na kwa kuwa ulinyamaza akikanyaga, haukuwa wa meno yaliyolika. Ulibaki upande wa beringi ya pinioni, lakini Mwinyijuma alikuwa ameshakosea mara tatu na hakutaka ya nne. Mluzi unaweza kusafiri ndani ya chuma ukatokea pasipo pake. Inaweza kuwa beringi ya katikati ya propela, inaweza kuwa gia boksi. Alikuwa akitafuta namna ya kulisema jambo hilo, Hafidha akamtangulia.

"Nitakaa nyuma."

"Wapi nyuma?"

"Kule kunakokaa mananasi."

Wilbrodi akasimamisha gari. Hafidha akatandika mkeka wake kwenye bodi la pikapu, akajifunika kanga kwa ajili ya vumbi, akalala ubavu, sikio moja juu ya bati na kidole kwenye sikio la pili. Wakaenda sitini hivyo, kwa kuwa chini ya hapo mluzi hauji, penye barabara iliyonyooka tu, wakaachia, wakakanyaga, wakaachia, kwenda na kurudi mara mbili. Kila mara Hafidha alisogea kidogo, na penye mluzi mkubwa zaidi akapiga bati kwa ngumi. Watu waliokuwa kando ya barabara walimwona mke wa Mwinyijuma Difu amelala nyuma ya pikapu amefunikwa kanga, na mumewe amekaa mbele ametoa kichwa dirishani kumtazama. Kufikia adhuhuri habari ilikuwa imefika Dunda kwamba amekimbizwa hospitali. Wanawake watatu walikuja nyumbani na uji.

Pale alipopiga ngumi Hafidha palikuwa juu kabisa ya pua ya difu, mahali propela inapoingilia.

Mwinyijuma akaingia chini ya gari. Aliweka kiganja juu ya ile pua, akakiondoa haraka. Ilikuwa ya moto, na sehemu nyingine ya difu ilikuwa vuguvugu tu. Sili, ule mpira unaozuia oili, ilikuwa inavuja jasho. Alishika kichwa cha propela kwa mikono miwili akakisukuma juu na chini. Kikacheza. Hakikucheza sana, unene wa kucha hivi, lakini hakikupaswa kucheza hata kidogo. Alibaki pale chini amekishika kwa muda kuliko ilivyohitajika. Alikuwa akifikiri kwamba Jumanne ya kwanza angeingia chini akafanya hivi tu, dakika mbili, angejua. Miaka ishirini na sita hakuwahi kuhitaji. Alijivunia kwamba yeye si wa kutambaa chini ya magari kutafutatafuta kama Muharami.

Alifungua nati ya chini, oili ikatiririka kwenye beseni. Ilikuwa nyeusi, na ndani yake kulikuwa na mng'ao wa unga wa chuma, kama mtu aliyekorogea rangi ya fedha. Alichovya vidole akavisugua, akamwonyesha Wilbrodi bila kusema. Ilipofika alasiri difu ilikuwa chini, imefunguliwa. Beringi ya mbele ya pinioni ilikuwa na gololi zilizodonolewa kama mahindi yaliyoingiwa na dumuzi, na kile kikapu kinachozishikilia kilikuwa kimekatika mahali pamoja. Kipande chenyewe kilikuwa bado kimening'inia.

"Kingeanguka lini?" akauliza Wilbrodi.

"Sijui."

"Kabla ya Dar?"

"Sijui, bwana. Leo nitakwambia ninachokijua tu."

Wilbrodi akakichukua kile kipande, akakifunga kwenye leso, akakitia mfukoni. Alisema atawaonyesha watu walioshusha mananasi.

Beringi mpya na sili zililetwa na basi kutoka Kariakoo siku ya pili yake. Kuziweka ilikuwa kazi ya mikono, na mikono ya Mwinyijuma haikuwa na tatizo. Nati ya pinioni haikazwi mpaka nguvu ziishe. Ukiilegeza mno, pinioni inacheza. Ukiikaza mno, beringi inaungua wiki ya kwanza. Mwinyijuma alikaza kidogo, akazungusha kwa vidole viwili, akakaza kidogo, akazungusha. Alikuwa anatafuta uzito fulani, kama wa mlango mzito unaofunguka vizuri. Muharami alivuka barabara akasimama kumtazama, mashine yake ikiwa imezimwa, kwa kuwa habari ilikuwa imeshamfikia na alikuwa anajihisi vibaya.

"Ni hii mashine yangu?" akauliza kwa sauti kubwa kupita kiasi.

"Ni yako, na ni nyundo yangu," akasema Mwinyijuma. "Usipige kelele. Simama nikuone mdomo."

Muharami alisimama aonekane mdomo, kisha akavuka kurudi kwake akijishika sikio. Wiki ile ile alinunua vile vifuniko vya masikio vya watu wa mitambo. Siku hizi ukimwita hageuki, na mpaka leo kuna wateja wanaosema kwamba ugonjwa umevuka barabara.

Ijumaa baada ya sala waliijaribu pikapu. Wilbrodi alikanyaga mpaka sitini, akaachia. Mwinyijuma hakusikiliza. Aliwatazama wawili hao, mmoja mmoja. Hafidha aliinamisha kichwa upande, akangoja, kisha akatikisa: hakuna. Wilbrodi alirudia tena na tena, akanyage, aachie, mpaka wakapita mahali pa kugeuzia.

"Hakuna kitu," akasema. "Pamekuwa kimya hata napata hofu."

Lulu ndiye aliyempeleka baba yake kwa daktari wa masikio huko Dar. Daktari alimfungia kwenye chumba kidogo, akamvika vitu masikioni, akamwambia abonyeze kitufe kila asikiapo mlio. Mwinyijuma alikaa humo akibonyeza, na alidhani anafanya vizuri sana, mpaka alipoonyeshwa mchoro. Mstari ulikwenda vizuri, halafu ukaanguka kama mtu aliyekosa ngazi. Daktari alimwambia kilichokwenda hakirudi, akampa kifaa kidogo cha kuvaa nyuma ya sikio. Mwinyijuma alikivaa gerejini siku moja. Nyundo ilipogonga, alikivua akakitia kwenye kopo la nati, na tangu hapo ni cha nyumbani na cha kuongea na Lulu.

Wateja aliwaambia mwenyewe kwamba hasikii. Haikuwa rahisi. Wa kwanza, mwenye lori dogo wa Makurunge, alicheka akadhani ni mzaha, kisha akaondoa lori lake. Wa pili alikaa. Wa tatu aliwahi kuambiwa na Mwinyijuma mwaka uliopita kwamba difu yake haina neno, na ilikuja kuvunjika miezi miwili baadaye mbele ya nyumba ya mkwewe. Mwinyijuma alimsikiliza mpaka akamaliza, akamtazama mdomo kwa makini asipitwe na tusi lolote, akamwomba radhi, akaifungua difu hiyo bila malipo. Baada ya hapo watu wakaanza kuuliza, kabla hata ya kushuka garini, "Mama yupo?"

Mama alikuwepo kuanzia saa nne, akishamaliza kuuza vitumbua vyake. Ijumaa hafanyi. Matrekta hafanyi, yanamtikisa. Hapokei amri za "kanyaga, achia". Anazitoa yeye, na Mwinyijuma anakaa katikati akiuliza maswali. Mama akimwambia sauti ni kama mchi unaogonga ukingo wa kinu, yeye anajua ni krosi. Akisema ni kama dengu zinazomwagwa kwenye ungo, yeye anaingia chini na taa. Mara mbili Mama amekosea. Mara moja ilikuwa chupa tupu iliyokuwa inabingirika chini ya kiti, na walitumia nusu siku kabla ya kuiona.

Msimu wa mananasi ulipokwisha, Wilbrodi aliwaalika Fukayosi kwa chakula, na akaja kuwachukua mwenyewe. Wakati wa kurudi jua lilikuwa bado juu, barabara imenyooka, na gari halikuwa na ugonjwa wowote. Mwinyijuma alikaa katikati kama kawaida.

"Unasikia nini?" akamwuliza mkewe.

"Hamna. Gari zima."

"Si gari. Vingine."

Hafidha alimtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Basi akamwambia: upepo dirishani, unaingia hapo kwenye mpira uliochanika. Sufuria waliyopewa, inasugua bodi huko nyuma. Wilbrodi, anaimba puani na hajui kwamba anaimba. Wilbrodi akanyamaza kwa aibu. Mtu anaita mbuzi, huko, amevaa shati jekundu, unamwona? Anaitaje? akauliza Mwinyijuma. Anaita hivi. Naye Hafidha akaita kama anavyoita yule mtu, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne na baibui lake la kutokea.

"Endelea," akasema Mwinyijuma.

Akaendelea mpaka karibu na daraja la Ruvu. Hapo akasema koo limemkauka, na kwamba mumewe naye ana macho, atazame barabara mwenyewe.